Hodi ya Ugenini: Viza Ipi Yafaa kwa Safari Ipi?

Sisi tukaao kando ya Ziwa Albert tumezoea kuvuka. Ziwa letu lina urefu upatao kilomita 160 na upana wa kilomita 30 hivi, na ng'ambo ya maji ni Uganda. Kutoka Tchomia mashua hupeleka samaki na kurudi na sabuni na vitambaa. Hupeleka mgonjwa na kuleta mgeni wa arusi. Ukoo mmoja huweza kuwa na nyumba ufuko huu na nyumba ufuko ule. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumekua tukidhani kwamba kuingia nchi ya watu ni jambo la nauli tu: ukiwa nayo, umekwisha kufika.

Dhana hiyo imewaponza wengi. Siku hizi mtoto hupelekwa shule Hoima, mama hupelekwa hospitali Kampala, kijana hupata nafasi ya chuo Ubelgiji, binti huahidiwa kazi Uarabuni. Katika kila safari ya namna hiyo pana karatasi moja yenye nguvu kuliko nauli, nayo ni viza. Aliyeichagua vema husafiri kwa moyo mtulivu. Aliyekosea huweza kupoteza thamani ya ng'ombe wawili, mwaka mzima wa masomo, pengine hata uhuru wake. Basi yafaa tuzungumze habari hii kwa utaratibu, kama jamaa waliokaa barazani.

VIZA NI KITU GANI?

Watu huchanganya pasi na viza. Pasi ya kusafiria hutolewa na nchi yako mwenyewe. Yaeleza wewe u nani, na u raia wa wapi. Viza hutolewa na nchi unayotaka kuiingia. Yaeleza kwamba nchi hiyo imekubali uje mlangoni kwake kwa jambo fulani na kwa muda fulani. Neno lenyewe latoka katika Kilatini, charta visa, maana yake karatasi iliyokwisha kutazamwa. Pengine huwa kibandiko ndani ya pasi, pengine huwa barua iletwayo kwa intaneti, ambayo msafiri huichapa na kuichukua mkononi.

Tuyaangalie sana maneno haya: "uje mlangoni". Viza si ufunguo wa nyumba. Ni ruhusa ya kupiga hodi. Afisa wa mpakani bado ana haki ya kukuuliza waendea nini, utalala wapi, utakula nini, na utarudi lini. Mwaka 2021 kijana mmoja Mkongo alifika uwanja wa ndege wa Brussels akiwa na viza ya masomo, naye amekwisha kuandikishwa katika chuo kikuu. Polisi wa mpaka walimhoji juu ya masomo yake, hawakuridhika na majibu, wakamweka kizuizini. Chuo chake kilimtetea, watu wengi wakapaza sauti, na hatimaye akaachiliwa. Twajifunza nini? Kwamba hata mwenye haki yampasa ajue kuieleza haki yake. Mzazi asiyemfundisha mtoto kueleza safari yake kwa maneno yake mwenyewe amemtuma nusu tu.

SHABAHA NDIYO ICHAGUAYO VIZA

Kosa la kwanza ni kuuliza, "Viza ipi hupatikana upesi?" Swali lililo sawa ni hili: "Naenda kufanya nini, kwa siku ngapi, na nani atalipa gharama?" Ukijibu hayo kwa kweli, viza yenyewe imekwisha kujichagua.

Aendaye kuwaona jamaa, kutembea, au kuhudhuria mkutano mfupi, huomba viza ya matembezi. Mwenye viza hiyo haruhusiwi kuajiriwa. Mgonjwa huonyesha barua ya daktari wa huku na barua ya hospitali itakayompokea, pamoja na ushahidi wa fedha za matibabu. Mwanafunzi huomba ruhusa ya masomo, naye hutanguliza barua ya shule au chuo kilichompokea. Mfanyakazi huomba kibali cha kazi, na mara nyingi mwajiri ndiye aanzaye kuomba kule aliko, kabla mtu hajatoka nyumbani. Mke amfuataye mumewe, au mtoto awafuataye wazazi, huomba ruhusa ya kuungana na jamaa, akionyesha vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa. Na apitaye tu nchi moja ili afike nchi nyingine huomba viza ya kupita.

Mtu aweza kusema, "Nitaingia kwa viza ya matembezi, kisha nitajitafutia kazi humo ndani." Hapo ndipo msiba uanzapo. Tangu siku ya kwanza ya kazi yake mtu huyo anaogopa. Akinyimwa mshahara, hawezi kushitaki. Akipigwa, hawezi kwenda polisi. Akiugua, hujificha. Mwajiri mbaya ajua hayo yote, na ndiyo maana humpenda mfanyakazi asiye na kibali. Viza isiyo sawa na safari humgeuza mtu mzima kuwa mali ya mwingine.

NG'AMBO YA ZIWA

Tuanze na jirani. Msafiri atokaye Tchomia kwa njia iliyo halali hupita kwanza kwa maafisa wa uhamiaji wa Kongo, idara tuijuayo kwa jina la DGM, ili kutoka kwake kuandikwe. Akifika Uganda huenda moja kwa moja kwa maafisa wa huko. Ashukaye usiku penye matete, bila kuonwa na mtu, ameingia bila ushahidi wowote wa siku aliyoingia. Akikamatwa hana la kujitetea.

Tangu mwaka 2016 Uganda hupokea maombi ya viza kwa intaneti. Pana viza ya kawaida ya mgeni, ambayo ni ya kuingia mara moja. Pana za kuingia mara nyingi. Na pana ya kupita. Pana pia viza ya watalii ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 2014, inayomwezesha mtu kuzitembelea Uganda, Kenya na Rwanda kwa siku 90. Hiyo ni ya matembezi tu, wala haiihusu nchi yetu; tusiinunue kwa ajili ya mtoto aendaye kusoma.

Juu ya mtoto huyo twataka kukaza neno. Wazazi wengi wa Ituri hupenda watoto wao wasome Uganda wapate Kiingereza. Ni shauri jema. Lakini mtoto huvushwa kama mgeni wa siku chache, huingizwa darasani, na miaka hupita. Sheria ya Uganda ina ruhusa yake maalum kwa wanafunzi wageni, nayo huombwa kwa barua ya shule. Mzazi amwulize mkuu wa shule tangu siku ya kwanza: "Ruhusa ya mwanafunzi itaombwa na nani, na lini?" Asingoje mpaka mwaka wa mtihani, kijana aambiwe kwamba hayumo nchini kwa haki.

Tukumbuke pia kwamba mambo haya hubadilika. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na baada ya hapo milango kadhaa ilianza kulegezwa, kila nchi kwa wakati wake. Kenya, mathalani, iliwaondolea Wakongo sharti la viza tangu Septemba 2023. Kwa hiyo ada aliyolipa shemeji yako miaka mitano iliyopita isiwe kipimo chako. Uliza ubalozini, au ofisi ya mpakani, au usome tangazo la serikali yenyewe. Tena kusamehewa viza si kusamehewa pasi, wala si kupewa kibali cha kazi.

Jambo moja dogo husahauliwa: kadi ya manjano ya chanjo. Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku ya kumi baada ya kuchanjwa. Achanjwaye leo ili avuke kesho amechelewa. Lakini iko faraja: tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho hutumika maisha yote ya mtu, hata kile cha zamani. Asikudanganye mtu kwamba kadi yako imekwisha muda kwa kuwa imepita miaka kumi.

AKIMBIAYE VITA

Hatuwezi kuandika habari za kuvuka ziwa bila kuutaja mwaka 2018. Mwanzoni mwa mwaka ule, vita vilipowaka katika Djugu, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwa mitumbwi na mashua, wakashuka Sebagoro na fuko nyingine, wakapelekwa makambini, wengi wao Kyangwali. Je, hao walihitaji viza?

Hapana. Akimbiaye kuuawa haulizwi viza kwanza. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 yakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuwa ameingia bila hati, maadamu amejipeleka upesi kwa wenye amri na kueleza sababu zake. Uganda nayo ina sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006. Basi atokaye katika hatari asitafute wakala wala kununua karatasi ya uongo. Ajionyeshe, aandikishwe, aseme kweli.

Lakini mlango huo umewekwa kwa ajili ya wenye hatari. Mfanyabiashara ajiitaye mkimbizi ili akwepe ada huwaharibia wale ambao mlango ule ndio uhai wao. Afisa aliyedanganywa mara kumi humtilia shaka wa kumi na moja, naye huenda ndiye mjane aliyeyaacha makaburi nyuma yake.

NJIA YA ULAYA

Sasa twende mbali. Nchi 29 za Ulaya zina mapatano yaitwayo ya Schengen, kwa jina la kijiji cha Luxembourg yalikotiwa sahihi mwaka 1985. Viza fupi ya moja yao, kwa kawaida, humruhusu mtu kuzitembelea zote, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari, au utakakokaa siku nyingi zaidi. Ukitaka kuwaona jamaa Ubelgiji kwa majuma matatu na Ufaransa kwa siku mbili, waomba kwa Ubelgiji, wala huombi kwa Ufaransa eti kwa sababu umesikia huko ni rahisi.

Ombi hilo lisipelekwe mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, wala lisichelewe kuliko siku 15. Jibu hutakiwa kutolewa katika siku 15, lakini huweza kuchukua hata siku 45. Pasi iwe imetolewa katika miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko. Hutakiwa bima ya ugonjwa ya euro 30,000 kwa uchache. Ada, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na mmoja. Nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Jamaa wachangao fedha walijue hilo kabla ya kuuza kitu.

Akaaye zaidi ya siku 90, kama vile mwanafunzi wa chuo, hahusiki na viza hiyo fupi. Yeye huomba viza ndefu ya nchi ile ile atakayosoma, kwa sheria zake yenyewe. Na hapa pana mtego mmoja ambao umewakamata Wakongo wengi. Kongo ni mojawapo ya nchi ambazo raia wake huhitaji viza hata kwa kubadili ndege tu katika viwanja vya Schengen, bila kutoka nje ya uwanja. Wako wachache waliosamehewa, kama wale wenye viza halali ya Marekani au ya Kanada. Kabla hujanunua tiketi ya bei nafuu ipitayo Brussels au Paris, uliza habari hiyo. La sivyo utaachwa chini na tiketi yako mkononi.

Wapi pa kuombea? Kutoka Tchomia hadi Kampala hazifiki kilomita 300 kwa mstari ulionyoka. Hadi Kinshasa ni zaidi ya 1,700, na njia yake ni ya ndege. Kwa hiyo wengi hutaka kuomba Kampala. Lakini kanuni ni kwamba mtu huomba mahali akaapo kwa haki. Mkongo mwenye ruhusa ya kuishi Uganda aweza kuomba Kampala. Yule avukaye kwa siku tatu tu hana budi aonyeshe sababu nzito, na huenda akaambiwa aende Kinshasa. Huko Ubelgiji ilifungua mwaka 2010 Nyumba ya Schengen ili ipokee maombi kwa niaba ya nchi nyingine pia. Mwaka 2018 nyumba hiyo ilifungwa kwa ugomvi wa serikali, ikafunguliwa tena mwaka uliofuata. Basi andika au piga simu kwanza, upate siku yako, ndipo ununue tiketi.

Ukikataliwa, usikasirike ukachana karatasi. Nchi za Schengen hutakiwa kukuandikia sababu na kukuambia jinsi ya kukata rufani. Soma sababu hizo pamoja na mtu aelewaye. Pengine ni cheti kimoja tu kilichopungua. Lakini aongezaye cheti cha uongo katika ombi la pili hulifunga ombi la tatu na la nne pia, kwa maana alama za vidole na majina huhifadhiwa.

MAJINA MATATU NA VYETI

Mkongo ana jina, jina la baada, na jina la mbele. Desturi hiyo ilikazwa tangu mwaka 1972, serikali ya Zaire ilipokataza majina ya Kikristo na watu wakachukua majina ya mababu. Baadaye majina ya ubatizo yalirudi, na sasa tunayo yote. Fomu za kigeni, lakini, mara nyingi zina nafasi mbili tu: jina la ukoo na majina uliyopewa. Matokeo yake mtu mmoja huwa na jina hili katika pasi, jingine katika cheti cha shule, na la tatu katika kadi ya chanjo. Kwa afisa wa mbali hao ni watu watatu. Kanuni ni moja: fuata pasi, herufi kwa herufi, na tiketi iandikwe vivyo hivyo.

Cheti cha kuzaliwa nacho ndicho mzizi wa vyeti vyote. Sheria ya jamaa ya nchi yetu yataka mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, itakupasa kwenda mahakamani upate hukumu ya kuchukua mahali pa cheti, nayo hugharimu muda na fedha. Baba aandikishaye mtoto leo amemjengea daraja la miaka ishirini ijayo. Na mtoto asafiriye na mzazi mmoja tu achukuliwe ruhusa ya mzazi wa pili, imeandikwa na kutiwa muhuri.

KUISOMA VIZA YENYEWE

Viza ikitoka, isome palepale kabla ya kushangilia. Tazama jina na namba ya pasi. Kisha tofautisha mambo matatu: tarehe ambazo viza ni halali, idadi ya siku za kukaa, na idadi ya mara za kuingia. Tuseme viza yasema ni halali tangu 1 Juni hadi 30 Agosti, siku 30, kuingia mara moja. Ukiingia tarehe 10 Agosti, hukai siku 30; watoka tarehe 30 Agosti, yaani baada ya siku 21 tu. Na ukivuka kwenda nchi nyingine kumzika shangazi, viza ya mara moja imekwisha, hata kama siku zimebaki.

JIHADHARI NA WENYE MANENO MATAMU

Wako watu wanaosaidia kujaza fomu kwa ada ndogo, na hiyo ni kazi ya haki. Lakini wako wengine wasemao, "Niachie pasi na dola, mimi najuana na ubalozi." Hakuna wakala awezaye kuahidi viza, kwa maana si yeye aitoaye. Usitie sahihi fomu ambayo hukuisoma. Usimwache mtu akuandikie mshahara usioupata wala ndoa usiyofunga. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi dai risiti, na uweke nakala ya kila karatasi nyumbani.

Zaidi ya wote tuwaonye wazazi wenye mabinti. Wengi wa Afrika Mashariki wamepelekwa Oman na nchi za jirani zake kufanya kazi za nyumbani, na wengine waliambiwa, "Ingia kwa viza ya matembezi, kibali kitatafutwa huko huko." Mwaka 2023 Oman yenyewe ilisimamisha kubadili viza za matembezi kuwa za kazi ndani ya nchi. Kabla binti hajapanda ndege, mkataba uonekane kwa macho, katika lugha anayoielewa, wenye jina la mwajiri, mshahara na siku za mapumziko. Na viza iwe ya kazi, si ya kitu kingine. Kama hayo hayapo, bora akae nyumbani auze samaki.

SHAURI LA NYUMBANI

Basi, wapenzi, kabla ya fomu yoyote yafanywe mashauri ya jamaa. Akae msafiri, wakae wazazi, wakae na wale wanaochanga. Msafiri aseme kwa kinywa chake aendako, aendalo, siku zake, na atakavyorudi. Kama maneno yake na karatasi zake yanapatana, apelekwe mbele. Kama hayapatani, safari ingoje. Heri kungoja miezi mitatu Tchomia kuliko kukaa miezi mitatu katika chumba cha kizuizi ugenini, huku mama haelewi mtoto wake yuko wapi. Kuuliza si ujinga. Na asemaye kweli mlangoni hahitaji kukumbuka kesho alisema nini jana.